Sale ya Machozi

Jumatano, Kalemie

Basi mvua inyeshe tu, sale, ule ukumbi wa zamani wa kanisa, tumeipata. Nilikuwa naogopa arusi iharibikie uwanjani, wakwe toka Kongolo watucheke.

Mulinzi wa sale hapendi tena maarusi, wachezaji walimuvunjia viti. Nikamuambia tu: "Papa, nataka sale Jumamosi kwa ajili ya Machozi, mujukuu wangu."

"Pole sana, Mama. Kwa kilio hatumukatalie muntu. Chukua ufunguo."

Nikashika ufunguo kwanza. "Machozi ni muzima, Papa. Njo yeye anaolewa!"

Alicheka mpaka akapanguza macho na mukono wa koti yake ya abakosti. "Umeniweza, Mama! Lakini kiti kimoja kikivunjika..."

Nilimupa Machozi jina hilo sababu mama yake alikufa akimuzaa. Jumamosi litapigiwa ngoma. Viti, Mungu avichunge.