Oveni ya Risasi za Bluu

Jumamosi, 29 Machi 2014

Leo bluu. Hatimaye! Mathieu alileta unga mpya wa rangi kutoka kwake Auderghem, kopo dogo tu, na tukashinda mchana wote kwenye kave yangu, chini ya nyumba. Yeye dereva wa tramu mstaafu, mimi msafishaji wa ofisi – na hakuna aliyekumbuka kula. Risasi tulizimimina kwenye kalibu wiki iliyopita. Zilikuwa za kijivu, hazina sura. Unazitia kwenye kopo la plastiki pamoja na ule unga, unatikisa, zinatoka na vumbi mwili mzima. Kisha oveni ndogo. Kisha kungoja.

Napenda kungoja kule. Nakaa juu ya kreti ya bia, natazama kupitia kioo. Unga unalegea, unalowa bila maji, na ghafla kila risasi ina ngozi laini ya bluu. Zimesimama mistari mistari, utadhani kwaya inasubiri kuanza. Nilimfikiria baba, kule Likasi, mbele ya tanuru la shaba. Naye alikuwa akinyamaza hivyo hivyo. Sijui nilikaa muda gani.

Kabla ya kuondoka Mathieu alibandika utepe mweupe kwenye mlango wa oveni, akaandika kwa kalamu nzito: SI YA CHAKULA. Alisema plomb, ile sumu ya risasi inayobaki ndani, haionekani, hainuki, na inawaharibu zaidi watoto wadogo. Alipopanda juu nikaubandua. Mke wangu Pétronille angeuliza. Yeye anadhani tunapaka rangi vipuri vya baiskeli.

Nikaifuta oveni ndani na nje. Inang'aa kama ya dukani.

Jumapili, 6 Aprili

Misa, halafu klabu ya shabaha. Nilichomwambia Pétronille: matembezi msituni na Mathieu. Risasi za bluu zinakwenda vizuri, hakuna tena machoni ule moshi wa nta tuliyokuwa tukizipaka zamani. Lakini kwa kweli mimi kulenga hakunishughulishi sana. Ninachokipenda ni zile rangi. Mathieu anasema mimi si mpiga shabaha, ni mpishi.

Nikirudi nyumbani huwa naona haya. Pétronille alitoka Uvira kwa miguu, na yale aliyoyaona njiani hajawahi kunisimulia hata nusu. Alipokubali kuolewa nami aliomba kitu kimoja tu: risasi isiingie nyumbani kwake. Nikasema oui, oui. Nilikuwa nimependa. Bunduki iko kwa Mathieu, kwenye kabati la chuma, kwa hiyo najiambia ahadi nimeivunja nusu. Miaka miwili sasa najiambia hivyo.

Alhamisi, 17 Aprili

Oveni haipo!

Nilishuka kave baada ya kazi, nikakuta meza tupu. Makopo ya rangi yapo, masanduku yangu ya risasi yapo chini ya turubai. Nikapanda juu, nikauliza kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza. Pétronille alikuwa akikunja nguo za kanisani. “Ile four? Nilishamupa Mauwa. Ilikuwa inakaa bure tu mu cave, na ile propreté yote, safi kabisa! Yeye hana hata ya kupikia mutoto. Ni Pâques, donc.”

Mauwa ndiye yule wa parokia, kutoka Bukavu. Juzi tu amepata chumba Saint-Josse, yeye na binti yake Inès wa miaka miwili.

Nikasema umefanya vizuri. Nikasema hivyo kweli.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Sikula. Pétronille alidhani nafunga, akafurahi.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Inès alivaa gauni jeupe, akatembea katikati ya kanisa wakati wa mahubiri. Kila mtu alicheka. Mauwa akaja kunishika mikono yote miwili: oveni inapika vizuri, samaki anatoka mzuri, Mungu aniongezee. Nikasema bon, bon, amen. Kwaya ilikuwa imevaa bluu. Nikatazama sakafu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimepata la kufanya. Nimenunua oveni mpya, kubwa kuliko ile. Jumamosi nampelekea Mauwa, narudi na ya zamani, natupa, basi. Hakuna atakayejua. Kwenye metro niliiweka magotini, nikawa naota njia nzima. Inès mzima. Pétronille hana habari. Zile bluu zimesimama kimya mahali pengine, bila mimi. Nikapitiliza kituo changu.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika upesi. Niko kave.

Mauwa alipoona boksi alikaa kitandani akalia. Nikamwambia naichukua ile ya zamani, waya zake mbovu, itawaunguza. Akacheka huku analia. “Mais non, tonton! Inatumika muzuri. Sasa niko na mbili, nitapika ma-gâteau mingi. Maman Pétronille alishanitafutia ma-client kwa kanisa, tangu ile dimanche ya Pâques.” Ilikuwa inawaka wakati ule ule. Kupitia kioo niliona keki inapanda. Kioo kile kile.

Inès alikuwa na kipande mkononi. Nikakichukua. Akapiga kelele, mama yake akanitazama – hakukasirika, alishangaa tu. Tonton anamnyang'anya mtoto keki.

Nikamrudishia.

Mikono yangu ndiyo iliyomrudishia. Nilikaa pale robo saa nzima, neno liko mdomoni, na nikazungumza habari za hali ya hewa. Mimi ni mtu wa ajabu. Mimi ni mwoga. Nikaondoka bila oveni, na keki nzima imefungwa kwenye karatasi, zawadi ya kumpelekea maman Pétronille, bado ya moto. Nilisimama mbele ya pipa la taka kwenye kituo cha metro, nikaona haisaidii. Ya kwangu nitatupa, na ya Inès?

Pétronille alinipokea mlangoni, Mauwa alishampigia simu. Akachukua keki. Nikasema nina kazi kidogo chini.

Nimeondoa turubai. Nimefungua masanduku yote: kijani, nyekundu, bluu. Bado ni nzuri, Mungu anisamehe.

Juu nasikia kabati la sahani. Ananiita: “Papa Onésime, kuya tukule!”

Nimepiga kelele asile. Asiiguse kabisa.

Nasikia kisu kinawekwa mezani.

Anauliza kwa nini. Nimesema tu ashuke.

Viatu vyake viko kwenye ngazi. Turubai liko mkononi mwangu, naweza bado kufunika –