Wanataka Nilifute Jina la Anli

Moroni, Ijumaa baada ya sala

Dada yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Nianze na lile uliloniuliza: homa imeniacha, ninakula, na viatu ulivyoniletea vimenitosha. Na nyinyi je? Goti la Mama linamruhusu kusali kwa kusimama, au bado anakaa kitini? Shemeji amesharudi kutoka Pemba? Nijibu moja moja, tafadhali. Usiniandikie "sote hatujambo" ukapita, maana huku kila mtu anasema hajambo, na ukimtazama usoni unajua anasema uongo.

Barua yako ilinifika, na ndani yake Mama ananipa hongera. Ati amefurahi kusikia biashara ya kompyuta sasa ni yangu peke yangu. Najua aliyewaambia ni Ba Mdogo. Dada, nakuandikia nikiwa na hasira, na ukiona mahali kalamu imetoboa karatasi usishangae. Nitakueleza ilivyokuwa, kisha hiyo hongera muirudishe mlikoitoa.

Unajua mchana mimi ni mhasibu kwa tajiri mmoja anayeagiza mchele. Programu ilikuwa kazi yetu ya jioni, mimi na Anli, kijana wa Mutsamudu niliyekaa naye meza moja ofisini. Baba yake alikuwa mpakuzi wa meli bandarini kwao, na yeye amekulia hapo hapo, anajua ushuru wa kila bidhaa kama wewe unavyojua bei za kanga. Mimi nikaandika programu, yeye akaitia elimu yake. Mwagizaji anaandika mzigo wake, kompyuta inamhesabia ushuru na kumchapia karatasi za forodha. Na kwa kuwa viwango havitulii, hatukuiuza ikaisha. Mteja analipa ada kila mwezi, nasi tunampelekea disketi yenye viwango vipya. Mwanzo tulichekwa. Nani atalipia kila mwezi kitu kisicholiwa wala kuvaliwa? Lakini wenye kucheka mizigo yao ililala bandarini kwa makosa ya hesabu, wakaja wenyewe. Tukapata wateja hapa Moroni, tukapata na Mutsamudu. Programu ikifunguka, kabla ya jambo lolote, kioo kinaandika: Idarusi na Anli. Ilikuwa fahari yetu ndogo. Sikuwahi kuona jina langu limeandikwa mahali popote isipokuwa kwenye cheti cha shule.

Halafu Nzuani, kisiwa cha kina Anli, ikasema inajitenga. Hayo ya wakubwa umeyasikia redioni, sina haja ya kuyarudia. Redio haikukwambia kwamba vijana wa hapa walianza kupita mitaani wakiwatafuta Wanzuani wawatoe. Watu waliozaliwa hapa, waliooa hapa! Walimkuta Anli chumbani kwake nyuma ya soko la Volo Volo, wakamtupia godoro nje na vitabu vyake mtaroni. Aliyemwokoa ni Bi Echata, mama mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi pale sokoni, mteja wetu. Alisimama mlangoni na upana wake wote akawaambia, "Piteni kwangu kwanza." Mimi nilipofika nikamchukua Anli mpaka kwa Ba Mdogo, nilikokuwa nikikaa. Ba Mdogo hakumtazama usoni. Alisema, "Alale leo, kesho atafute boti." Basi kesho yake Bi Echata akampeleka kijijini kwao, Vuvuni, akamficha kwa dada yake mpaka boti ikapatikana. Anli aliondoka na mfuko wa plastiki. Ndani mna disketi zetu na shati moja.

Na watu wakanipa hongera, Dada! "Sasa huna wa kugawana naye." Walinipa mkono kama walioniozesha.

Haikupita muda, mteja wetu mkubwa, mwagizaji wa saruji, akaniita ofisini kwake. Alikuwa mpole, akaniagizia na chai.

"Mwanangu," akasema, "programu yako haina kasoro. Lakini kila asubuhi nikiwasha mashine Mnzuani ananiamkia. Litoe hilo jina."

"Mzee, mzigo wako unashukia Mutsamudu. Viwango vya kule anayetuletea ni yeye."

"Viwango vije. Jina lisije."

Nikamwambia haliwezekani. Akamaliza chai yake, na mwezi ule hakulipa. Wakafuata wengine. Mmoja alinitukana, mmoja alinionya kwa wema, mmoja alituma mtoto kunirudishia disketi. Ba Mdogo naye kila tukikaa kula: "Jina lenyewe herufi nne tu. Wewe umezaliwa Unguja, damu tu ndiyo ya hapa. Watu wananiuliza msimamo wako." Nikamwambia msimamo wangu ni kwamba sahani ya mtu haiondolewi akiwa ameinuka kunawa mikono. Kwa ufupi nilibaki na Bi Echata na wachache wengine. Nilivumilia, kwa sababu moyoni nilijisemea: na yeye kule anavumilia vivyo hivyo kwa ajili yangu.

Simu zilikuwa zimekatika, lakini kila mwezi Anli alipata msafiri wa kuniletea disketi ya viwango. Mwezi uliopita haikuja. Niliingiwa na hofu. Nikamwomba tajiri ruhusa, nikapata nafasi kwenye boti ya mizigo inayozungukia kisiwa cha Mwali, nikafika Mutsamudu nimetapika kila nilichokula.

Sikujua kwake ni kichochoro gani, basi nikaingia ofisi ya wakala mmoja wa forodha karibu na bandari, mteja wetu, nimuulize. Karani akanipa kiti, akawasha mashine aendelee na kazi yake. Programu ikafunguka. Kioo kikaandika: Anli. Basi. Anli, na chini yake, Mutsamudu.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikamwambia karani azime awashe tena. Anli.

Dada, nilikwenda kwao nikiwa sioni njia. Mama yake alinipokea kwa vifijo, akanifuta jasho kwa ncha ya shiromani aliyojitanda, akakimbilia jikoni. Anli alipotoka chumbani akanikumbatia. Nikamwachia anikumbatie, kisha nikamuuliza, "Jina langu umelipeleka wapi?"

Hakujifanya haelewi. Akakaa. "Walikuja wenye bunduki ofisi ya mteja wa kwanza, wakaona jina lako, wakauliza. Wakaambiwa wewe ni mtu wa Moroni. Wakasema wataivunja mashine, na mwenye mashine naye. Ungefanyaje?"

"Mimi nimepoteza wateja kwa ajili ya jina lako."

"Wewe walikukasirikia, Idarusi. Mimi walinishikia bunduki."

Na hapo alikuwa na haki, ndiyo maana nilizidi kuwaka. Nikamwambia, "Ungenijulisha."

"Kwa simu ipi?"

"Kwa msafiri yule yule aliyeniletea disketi! Kipande cha karatasi! Neno moja! Umeniacha nigombane na ukoo mzima kwa ajili ya kitu ambacho wewe ulishakifuta zamani."

Akainamisha kichwa. "Niliona haya," akasema. Na ile disketi ya mwezi uliopita hakuituma kwa sababu ya haya hiyo hiyo.

Mama yake akaingia na wali na kuku aliyemchinja kwa ajili yangu. Nilisimama, nikamwomba radhi, nikatoka. Sikula, Dada. Nilikwenda kulala kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni, na njiani nilimsikia yule mama akiniita kichochoro kizima. Najua utakalolisema. Sema, lakini usimwambie Mama.

Asubuhi nikashuka bandarini. Anli alikuwa ameniachia disketi zetu, zile alizoondoka nazo Moroni, kwa mwenye nyumba ya wageni, nikazitia mfukoni. Langoni palikuwa na vijana wenye silaha wakipekua abiria. Mmoja akazikuta.

"Hizi nini? Unapeleka siri zetu Moroni?"

"Mimi ni mtu wa Unguja."

"Unguja inapitiwa Moroni siku hizi?" Wenzake wakacheka. Akanisukuma ukutani, akaanza kunivua saa. Mawakala wa forodha walikuwa wamejaa pale, wateja wetu, wengine niliwahi kula nao. Hakuna aliyenijua.

Ndipo nikasikia sauti ya Anli nyuma ya watu. "Mwacheni! Huyo ni mwenzangu." Akajipenyeza mpaka mbele, bado amevaa kandambili za nyumbani. "Anaitwa Idarusi. Anatoka Moroni, ndiyo. Programu inayohesabu ushuru kwenye ofisi zote hizi ameiandika yeye. Mimi nilijaza viwango tu. Mkitaka kuvunja mashine, kavunjeni zote, tuone meli zitapakuliwaje."

Yule kijana akampiga kofi. Kofi la wazi, mbele ya watu aliosoma nao, mbele ya wateja wake. Mawakala wakageuka kutazama bahari kana kwamba kuna meli inaingia. Anli hakuinua mkono, wala hakuondoka. Disketi zikatupwa chini zikakanyagwa. Akaja mkubwa wao, akauliza kelele za nini, akasema huyu mgeni apakiwe boti aende zake. Nikasukumwa kwenye ngazi. Nilipogeuka, Anli alikuwa akiokota vipande vya plastiki, shavu limevimba. Sikumwambia hata ahsante. Nilikuwa bado nimemkasirikia.

Na bado, Dada! Nimemkasirikia kwa kunyamaza kwake. Lakini nikitaka kumkasirikia peke yake nashindwa, kwa sababu namwona yule mzee wa saruji na chai yake, na wale mawakala na bahari yao, na Ba Mdogo na herufi zake nne. Watu wazima, wenye kuswali safu ya mbele! Wamefika mahali ambapo kumtaja rafiki yako kwa jina lake ni kosa la kupigwa kofi. Na kama wamechochewa, hao waliowachochea wana walinzi na wanalala. Sijui kama Anli amebakiwa na mteja hata mmoja. Sijui kama yuko salama. Simu bado zimekatika.

Niliporudi, Ba Mdogo aliniuliza kama nimepata akili. Nikafunga mizigo yangu. Sasa nimepanga chumba uani kwa Bi Echata. Mwambie Mama mwenyewe, kwa upole, kabla Ba Mdogo hajamwambia kwa ukali.

Nisalimie Mama, umbusu mkono wake kwa niaba yangu. Nisalimie Shemeji, na binti yenu anayesoma, mwambie asiache hesabu. Msalimie Bibi Mkubwa, shangazi yetu wa Malindi, na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea kanzu ya safari. Bi Echata anakusalimu ingawa hamjuani.

Ndani ya bahasha hii mna bahasha nyingine, nene kidogo. Ni ya Anli. Kutoka huku haifiki, maana langoni kwao wanapekua kila kitokacho Moroni, lakini majahazi ya mizigo ya huko Unguja yanakwenda Mutsamudu moja kwa moja. Mpe nahodha mwaminifu, amuulize wakala yeyote bandarini, na akiona wanatazama baharini amuulize mpakuzi. Usiifungue. Mna matusi kurasa mbili, mengine siyo ya kusomwa na mtu wa heshima. Mna pia disketi ya mwezi ujao. Viwango vya huku nimeshavijaza, vya kwao ajaze mwenyewe. Mwambie nahodha asiiweke juani.

Mdogo wako mwenye hasira, akupendaye,

Idarusi