Shati la Kijiti

Mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumai u mzima, kazi inakwenda, na mwili bado ni ule ule wa kupeperushwa na upepo. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, anauliza kama huko kalamu zimeadimika.

Kuhusu Mama sitakuficha. Ulipoondoka alikuwa ameanza kusahau miwani, nasi tukasema ni uzee tu. Kisha mwalimu jirani yetu akarudisha shati aliloshonewa na Mama, lenye mikono yote miwili ya upande wa kushoto. Alilileta kwa adabu, limekunjwa vizuri, akasema huenda yeye ndiye hajui kulivaa. Mama aliligeuza, akaligeuza tena, akaona lina kasoro lakini asiweze kusema ni ipi. Fundi aliyekuwa akikukatia suruali kwa kukutazama tu ukipita! Niliingia chumbani nikalia, na ukubwa wangu huu.

Nilimpeleka hospitali, wakampiga picha ya kichwa. Daktari alinionyesha madoa meupe, akanieleza kwamba ndani ya ubongo kuna nyuzi zinazopeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine, na kwamba presha ya miaka mingi imeharibu mishipa midogo inayozilisha. Ndiyo maana Mama anafikiri polepole, anaburuta miguu, na kazi yenye hatua nyingi inamvuruga. Nilipouliza kama atapona, alisema yaliyoharibika hayarudi, ila tukiidhibiti presha na kumtembeza kila siku, huenda ugonjwa usiende mbio.

Shemeji yako alitaka tuifungie cherehani, akiogopa sindano. Nilikataa, tukanuniana. Siku hizi nakaa kando ya Mama nikimpa kipande kimoja kimoja: bega, kola, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Nikimpa viwili anakwama. Nikimpa kimoja, mshono unanyooka kama zamani, na ananikaripia kwamba namzibia mwanga.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Mwezi uliopita aliniita, akanizungushia futi kifuani, akaniita Kijiti, akasema nimenenepa mno huko nilikokwenda, na kwamba atanishonea shati la kukaribishwa nyumbani. Nilitaka kumwambia ni mimi, Bonge, kifungua mimba wake, niliyempikia uji asubuhi ile ile. Lakini uso wake ulikuwa umechangamka kuliko wakati wowote tangu shati la mwalimu. Nikanyoosha mikono, akanipima. Tangu hapo akiniita kwa jina lako naitika. Mara moja moja huuliza Bonge yuko wapi, mbona haji kumwona. Namjibu kwamba Bonge hajambo, atakuja. Inaniuma, mdogo wangu, inaniuma sana.

Shati amelimaliza jana, nami nalituma pamoja na barua hii. Lina kipimo changu, kwa hiyo litakupwaya. Usilipunguze. Livae hivyo hivyo uje, kabla jina lako nalo halijamtoka.

Na akishakukumbatia, nishike mkono unisogeze mbele yake, umwambie kwamba huyu ni Bonge. Wewe atakuamini.

Wasalimie wote wanaokuuliza habari za kwetu. Tunakungoja.

Ni mimi kaka yako,
Bonge