Breka Uliyoilaumu Haina Kosa

Kharumwa, Nyang'hwale,
16 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Enock,

Mwangaluka. Marahaba pia, maana najua umeshaniamkia kabla ya kufungua bahasha. Hali yako huko Tunduma? Agnetha na Rhoda wazima? Sisi tunapumua. Noela amerudi shule. Mama yuko Mhunze, miguu inamsumbua ila anakula. Mvua zinanyesha vizuri, na hata hilo halinifurahishi.

Agnetha amenipigia. Anasema tangu urudi kutoka kumzika shemeji yako Maduhu hujagusa waya, vifaa vyako vya ufundi umevifungia sandukuni, na ukiulizwa unajibu, "Breka niliyoichagua mimi ndiyo iliyomuua Maduhu." Enock, nimelia mpaka nikakosa machozi. Kwa simu siwezi kusema ninalotaka kusema. Nimejaribu mara tatu, nikaishia kukuuliza kama huko mahindi yameota.

Unakumbuka boksi letu la zamani la breka lilipoungua, ulinitumia kwa basi breka mbili, zile za kukata umeme unapovuja. Ukasisitiza: moja iwe ya karasha peke yake, mashine ya mume wangu ya kusagia mawe ya dhahabu uani, na nyingine ya nyumba, ili karasha ikivuja nyumba isizimike. Ulirudia kama unamfundisha mtoto kuhesabu. Nami naitikia tu, ndiyo, ndiyo, nimeelewa.

Sikukusikiliza. Fundi Fredy alikuja na boksi dogo, akasema lina nafasi ya breka moja na hiyo inatosha kulinda vyote. Nikakubali haraka haraka, yaishe. Ya pili nikaifungia kabatini pamoja na sahani za wageni.

Basi ikawa kila Maduhu akisaga, maji ya mchanga yakirukia mota, nyumba nzima inazimika. Wenzake wa machimboni wakasema kuna mtu katufunga tusione dhahabu. Wakaleta mganga kutoka Didia, akainyunyizia karasha maji yake ya dawa, mota nayo ikalowa. Maduhu kuwasha tu, umeme ukakata palepale! Mganga akasema, "Si mmeona wenyewe?" Wote wakaguna. Yaani breka ilikuwa inatuambia mota inavuja, sisi tunatafuta mchawi.

Mimi sikumwamini mganga. Niliamini friji langu. Sato wangu wa biashara walikuwa wanaozea humo, nikachoka. Siku Maduhu alipokwenda mnadani nikamwita Fredy, nikamwambia apitishe waya pembeni, umeme usipite tena kwenye breka hiyo. Alikataa. Nikamsema mpaka akaona aibu, akafanya. Breka ikabaki mahali pake, imesimama, ya kutazamwa tu. Maduhu sikumwambia. Alifurahi umeme umetulia, akasema dawa imefanya kazi, nami nikacheka.

Siku ya tisa akaishika mota kwa mikono iliyolowa. Umeme haukukata.

Ulipokuja msibani nilikuona mbele ya boksi, umeweka mkono juu ya kifuniko, unalia. Laiti ungekifungua! Ungeuona ule waya. Nilikuwa nyuma yako na beseni la maji ya kunawa, nikageuka nikaenda kunawisha wageni. Ukaubeba mzigo wangu mpaka Tunduma, nami nikakuacha uende nao. Najichukia, mdogo wangu. Kula siwezi, kusali siwezi. Mama hajui, wala Noela. Nianzie wapi kumwambia mtoto kwamba ni mimi?

Nimemwita Fredy akaing'oa ile breka. Hakutaka hata chai. Iko kwenye kifurushi hiki pamoja na mwenzake wa kabatini, ambaye hata nailoni sijamvua.

Msalimie Agnetha, umwambie wabeja kwa kunipigia. Mkumbatie Rhoda. Mungu akurudishie mikono yako kazini, hata kama baada ya barua hii hutaniita dada tena.

Iunge hiyo breka, Enock, ubonyeze kile kitufe cha kuijaribu. Itakata. Hata siku ile ingekata.

Dada yako anayekupenda bado,
Paskalina (Mama Noela)