Udi wa Alhamisi, na Harusi Isiyokuwapo

Tanga

Mama Zuhura mke wangu,

Salaam nyingi. U hali gani, na watoto je? Mikorosho ya Ziwani imeanza kutoa maua? Mimi mwili hauna neno. Uso ndio sijui niuweke wapi.

Najua kaka yako Hamisi ameshafika Mikindani, na amekwambia nimeoa huku, kwamba harusi ameinusa kwa pua yake mwenyewe. Pua yake haikukosea, ila mke hakuna. Nisikilize kwanza, kisha unitukane.

Chumba changu kiko nyuma ya kiwanda cha mkonge. Yale makapi yakioza, hata chai inanuka. Alhamisi moja jioni nikakumbuka kwamba saa kama ile wewe unatoa chetezo, unafukiza kanga zako na kanzu yangu. Nikaenda dukani. Udi kama wako, wa kupika kwa sukari, sikuupata. Kulikuwa na wa kisasa, vidude vilivyochongoka mfano wa pia. Unawasha nchani tu, mkaa hautakiwi. Nikanusa waridi, nikanusa asumini, nikanusa vingine nisivyovijua jina, mpaka pua ikafa ganzi. Mwenye duka akaniuliza, "Bibi harusi anapenda upi, mzee?" Ningemjibu palepale kwamba bibi harusi hakuna. Nikacheka tu, nikachukua wa sandali, uliokukaribia kidogo.

Basi kila Alhamisi nikawa nawasha kimoja, nimekaa kitandani kama mwali, moshi unanizunguka, chumba kinageuka kwetu. Dirisha nililiacha wazi. Udi wa chumbani jioni ya Alhamisi unajua maana yake, na watu wa Tanga nao wanaijua. Mzee Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, akanishika mkono barazani: "Hongera, bwana. Mbona kimya kimya?" Jirani yangu Mama Saumu akaleta sahani ya visheti vya bibi harusi.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Sikukana, na visheti nikavila. Mtu mzima mwenye mvi, niliona afadhali nidhaniwe bwana harusi kuliko kusema namlilia mke aliye mbali.

Ndipo Hamisi akapita kunijulia hali, Alhamisi, udi unafuka, akamkuta Mama Saumu mlangoni anafuata sahani yake, ananiuliza, "Bibi harusi vilimpendeza?" Hamisi akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akaondoka bila kunywa hata maji.

Jana nikaenda barazani nikawaambia wote: sijaoa, nilikuwa najifukizia mwenyewe. Mzee Shomari akasema, "Afadhali ungeoa."

Mama Saumu naye, "Na visheti vyangu?"

"Aliyevila ndiye huyu," nikamwambia.

Tangu jana wananiita Bibi Harusi. Naitika.

Nisalimie mama mkwe, umwambie mkwewe mpumbavu bado ana mke mmoja tu, binti yake. Nisalimie Zuhura na mumewe. Hamisi mwambie nilimkosea. Akipita tena, maji yake yapo.

Nawe ukiniamini, usijisumbue kuandika. Tia kipande cha udi wako ndani ya bahasha. Safari hii nitafunga dirisha.

Mumeo,
Baba Zuhura