Kikombe cha Kwanza cha Pombe ya Noeli

Panda, Likasi, Jumatano tarehe 17 Desemba 2025

Kwako yaya Emmanuella, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Kapolowe, wewe, shemeji François na watoto, na kwamba mvua hizi hazijaharibu mahindi yenu. Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka. Si uchovu wa kazi, yaya. Kazi ya machimbo ya Kakontwe ni ileile, mawe hayajaisha.

Asante kwa asali. Carmen aliitia yote katika pombe yake ya Noeli, pamoja na tangawizi, mdalasini na maganda ya machungwa aliyoyaanika juu ya bati wiki nzima. Unamjua mke wangu: akishika jambo, hata mume husahauliwa. Kila chupa ameifunga utepe mwekundu shingoni. Fedha zake ndizo tunazozitegemea atakapojifungua mwezi wa pili.

Jumapili baada ya misa aliwaita majirani waje kuonja, ili wanaoipenda waagize ya sikukuu. Walikuja wengi. Vikombe vikajazwa, lakini hakuna aliyeinua chake. Sababu unaijua: mwenye pombe hunywa wa kwanza, watu waone kwamba hakutia sumu wala ulozi. Carmen akaeleza kwamba muuguzi amemkataza kwa ajili ya mimba. Basi macho yote yakanigeukia mimi. Nikasema nimeacha. Wakacheka kidogo. Mama Jenny, jirani yetu ambaye ulimi wake hauna mlango, akasema, « Benyewe beko naogopa pombe yabo, shiye tutakunywa namna gani? » Kusikia kwamba wenyewe tunaiogopa pombe yetu, mtu mmoja akaweka kikombe chini. Nikamwona Carmen ameshika tumbo, machozi yanamlengalenga.

Nikanywa. Kwanza tangawizi, ikafuata asali, na mwishoni uchungu mdogo wa ganda la chungwa. Ilikuwa tamu, yaya, siwezi kukudanganya. Watu wakapiga makofi, na karibu chupa zote zimekwisha kuagizwa. Carmen alinishukuru mpaka nikaona haya.

Niliapa mbele yako siku tulipomaliza kilio cha mama, na kwa miaka miwili sikugusa pombe. Ningependa kukuambia kwamba ni kikombe kile tu. Sivyo. Jumatatu nilitoroka kazini mchana, nikanywa chupa mbili nimesimama, kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Jana nikanywa tatu. Nikamwambia Carmen kwamba zimepasuka kwa joto, naye akanipa pole! Ile pole ndiyo inayonichosha. Naogopa mtoto atazaliwa amkute yule Firmin mliyekuwa mkimwokota barabarani.

Leo asubuhi Carmen amefungia chupa zilizobaki katika chumba cha nyuma, akanikabidhi ufunguo, eti mimi ndiye anayemwamini. Nimeutia ndani ya bahasha hii. Papy dereva anaondoka sasa hivi kuja huko kwenu. Usiurudishe mkononi mwangu. Walioagiza watakuja Jumamosi kuchukua chupa zao, na Carmen atauomba. Hapo nitalazimika kumwambia ulipo, na kwa nini.

Wabusu watoto, msalimie shemeji, na uniombee.

Mdogo wako,
Firmin