Mume Wangu Anasema Katiba Ndiyo Leseni Yake

Mpendwa Shangazi Wamboi,

Naomba unisaidie kabla sijakosana na mtu ambaye bado nampenda. Mume wangu Maluki anaendesha bodaboda hapa Gatuanyaga na hana leseni, si kwamba imeisha, hajawahi kuwa nayo, na tangu alipotazama video fulani kwa simu hataki hata kuitafuta, anasema katiba imempa kila Mkenya uhuru wa kwenda atakako, kwa hivyo kumdai leseni ni kumnyima haki yake. Nilipomwambia aende shule ya udereva Thika alinijibu, "Mutheu, serikali haikunipa miguu, itanipaje ruhusa ya kutembea?" Shida ni kwamba kila asubuhi anawapeleka shule watoto wawili wa jirani yetu Njambi, na mwezi uliopita alianguka nao pale mteremkoni kwa kufunga breki ya mbele ghafla kwenye mchanga, wakachubuka tu, akamwambia Njambi ni ng'ombe aliyekatiza barabara. Mimi nimeanza kumpeleka mtoto wetu Mbinya shule kwa miguu, nasema ni mazoezi. Njambi hunishukuru kanisani na ninaumia sana. Je, mume wangu ana haki? Na nikimwambia Njambi ukweli, si nitakuwa nimemsaliti mume wangu?

Mutheu, Gatuanyaga

Mutheu,

Pole. Kuishi na mtu mwenye kichwa kigumu kunachosha.

Haki ya kusafiri anayo. Aende Ruiru, aende Mombasa, kwa miguu au akibebwa, hakuna atakayemwitisha leseni. Anaitishwa anapoendesha pikipiki, kwa sababu hapo amebeba maisha ya wengine, na hao pia wana haki ya kufika salama. Video haitamtetea kortini, na siku ya ajali kubwa bima inaweza kumruka, ikatae kulipa.

Lakini wewe usijifiche nyuma ya katiba. Swali ulishalijibu ulipomshusha Mbinya kwenye ile pikipiki. Wako umemwondoa, wa Njambi umewaacha, kisha unaniuliza kuhusu usaliti. Hilo limenikasirisha.

Leo jioni mwambie Maluki kwa upole kwamba hatabeba mtoto wa mtu hadi ajifunze, afanye mtihani na apate leseni. Akitaka kubishana na sheria, abishane bila abiria. Usingoje akubali. Nenda kwa Njambi umwambie hapakuwa na ng'ombe. Atakasirika, na ana sababu, vumilia.

Kesho asubuhi ukitoka na Mbinya, pitia kwake uwachukue wale wawili, mtembee pamoja.